Meseji za Matamba zimechelewa: nani alisema nini kwanza?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ndiye ninayehudumia kompyuta za ushirika wetu wa viazi mviringo. Tuna vituo vitatu: Matamba huku Makete, Uyole na Tunduma. Kwa kuwa mtandao wa Matamba haueleweki, tumetengeneza programu ya grupu isiyo na seva moja. Kila kituo kina nakala yake kamili, na mtandao ukirudi, au simu zikikutana kwa waifai, zinapeana kilichokosekana. Hata simu ya dereva wa Fuso inabeba. Tatizo ni mpangilio. Majibu yanatangulia maswali, kila kituo kinaona mfuatano wake, na juzi ilionekana Matamba wamekubali bei ambayo hawakuwahi kuiona. Tena tulimtoa mtu mmoja kwenye grupu lakini meseji zake zikaendelea kuingia. Je, nipange kwa saa? Au nikubali yaishe nirudi kwenye seva moja?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nianze na la mwisho kwa kuwa ndilo jepesi. Kama vituo vyote vingekuwa na mtandao wa uhakika, ningekushauri uweke seva moja ulale usingizi wako. Seva moja inapanga meseji bila kuumiza kichwa: iliyoifikia mwanzo ndiyo ya mwanzo, na wengine wote wanafuata hesabu yake. Ila siku umeme umekatika na mnara wa Matamba umezima, karani wa huko hana grupu kabisa, hata la kuandika akaweka. Mlichochagua kinaendana na mazingira yenu. Gharama yake ni kwamba hakuna tena mkubwa mmoja wa kusema nani alitangulia, na hapo ndipo programu yenu ilipoteleza.

Kisa chenu cha bei nakiandika upya kwa meseji nne na bei za kubuni, maana ugonjwa wote umo humo. Saa 2:10 asubuhi Uyole anaandika: "Mnunuzi anatoa elfu sabini kwa gunia. Tukubali?" Tuiite A. Inafika Matamba, halafu mnara unazima. Saa 2:30 Uyole anaandika B: "Kashusha. Sasa anasema elfu sitini." Matamba haioni hiyo. Saa 2:40 karani wa Matamba anajibu alichokiona, nayo ni C: "Sawa, kubalini. Gunia arobaini ziko tayari." Saa 2:50 Tunduma, ambaye ameziona A na B, anaandika D: "Sitini hapana. Huku wanatoa themanini." Alasiri Fuso inashuka kona za Chimala na C ikiwa ndani ya simu ya dereva, inafika Uyole.

Sasa zipange kwa namna mbili ulizonazo. Ukipanga kwa kufika, Uyole inaona A, B, D, C: Tunduma anataja themanini, Matamba anajibu "Sawa, kubalini", kana kwamba anaafiki themanini. Ukipanga kwa saa iliyoandikwa kwenye meseji, unapata A, B, C, D: mnunuzi anashusha hadi sitini, Matamba anasema sawa. Zote mbili zinamsingizia karani wa Matamba. Na angalia jambo hili vizuri: nimeziacha saa zote zikiwa sahihi kwa dakika. Tatizo lenu halitokani na ubovu wa saa, kwa hiyo saa nzuri zaidi haiwezi kulitibu. Karani aliandika baada ya B, kweli, lakini hakuwa ameiona B. Anayesoma mazungumzo anataka kujua mwandishi alikuwa ameona nini wakati anaandika, na saa haina uwezo wa kumwambia hilo.

Halafu saa zenyewe si nzuri. Saa ya simu isiyosawazishwa na mtandao huweza kupotea sekunde moja au mbili kwa siku, na hilo ni dogo. Tunduma mna balaa lenu maalumu. Zambia inatumia saa iliyo nyuma ya yetu kwa saa moja, na simu ikiwa karibu na mpaka hudaka mnara wa Nakonde, saa ya kwenye kioo inarudi nyuma. Hapo bado hakuna kilichoharibika, kwa sababu ndani ya simu hesabu ni ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 na haijali kanda ya saa ya nchi. Uharibifu unaingia pale karani anapokereka, anazima saa ya kujirekebisha yenyewe, anasogeza mshale mbele kwa mkono huku kanda ikibaki ya Zambia. Kuanzia dakika hiyo hesabu ya ndani iko mbele kwa sekunde 3,600, na kila meseji yake inatoka "kesho". Kwenye grupu lililopangwa kwa saa, meseji ya Tunduma inaganda chini ya kioo kwa saa nzima, na kila anayemjibu jibu lake linaruka juu yake. Nina hakika ukikagua simu za huko utakuta angalau moja ya namna hiyo. Kwa hiyo saa iandike, ionyeshe kwa wasomaji kama taarifa, lakini usiitegemee kuamua nani alimfuata nani.

Aliyelitoa jambo hili gizani ni Leslie Lamport, mwanasayansi wa kompyuta Mmarekani, kwenye makala yake ya mwaka 1978 kuhusu muda na mpangilio wa matukio katika kompyuta zilizotawanyika. Alisema hivi kwa ufupi: tukio moja limetangulia jingine ikiwa yote mawili yametokea kwenye mashine ileile kwa kufuatana, au ikiwa moja ni kutuma ujumbe na jingine ni kuupokea, au ukiunganisha hatua hizo mbili mnyororo mrefu. Nje ya hapo, matukio mawili hayana aliyetangulia. Yamekwenda sambamba. B na C zenu ni sambamba, na programu yoyote inayodai moja imeitangulia nyingine inabuni.

Lamport alitoa pia saa ya namba tupu. Kila kituo kina namba. Ukiandika unaongeza moja. Ukipokea meseji yenye namba kubwa kuliko yako unaruka hadi hapo kabla ya kuendelea. Kwa mfano wetu A ni 1, B ni 2, C nayo ni 2, D ni 3. Jibu halitatangulia swali lake kamwe, na hilo peke yake lingekutibia nusu ya malalamiko. Lakini B na C zimefungana, ukizitenganisha kwa alfabeti ya majina ya vituo, Matamba inatangulia Uyole na unapata mpangilio unaopendeza: A, C, B, D. Bahati tu. Kituo hicho kingekuwa Vwawa badala ya Matamba, tungerudi kulekule kwenye sitini. Namba inahakikisha kwamba aliyeona ana namba kubwa. Haihakikishi kwamba mwenye namba kubwa aliona.

Mwaka 1988 watafiti Colin Fidge na Friedemann Mattern, kila mtu kwa njia yake, walitatua hilo kwa kuipa kila meseji orodha ya namba, moja kwa kila mshiriki. Ukilinganisha orodha mbili unajua mara moja kama moja imeiona nyingine au zimepishana. Kwa vituo vitatu inatosha kabisa. Kwa grupu la watu mia mbili kila "sawa" inabeba namba mia mbili mgongoni, na watu wakiingia na kutoka orodha inakuwa kero.

Ninachokushauri kinafanya kazi hiyohiyo kwa mzigo mdogo: kila meseji itaje wazazi wake. Mzazi ni meseji ambayo mwandishi alikuwa nayo na ambayo hajaona nyingine yoyote iliyoijibu au kuifuata; tuziite ncha za historia kwa wakati ule. C itataja A. B itataja A. D itataja B. Alasiri, baada ya Fuso kufika, Uyole ina ncha mbili, C na D, kwa hiyo meseji yake mpya E itataja zote mbili, na hapo matawi yanakutana tena bila mtu kufanya sherehe. Mtaje mzazi kwa hashi ya maudhui yake, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye maneno yenyewe, kwa mfano SHA-256, ambayo ni baiti 32 tu, halafu meseji nzima uisaini kwa ufunguo wa kituo. Wazazi wawili ni baiti 64; picha moja ya gunia lililooza inazidi hiyo mara elfu kadhaa.

Hashi inakupa zawadi ambayo namba haiwezi. Hakuna anayeweza kutaja hashi ya meseji ambayo haijaandikwa, kwa hiyo mzunguko wa meseji mbili kutajana kuwa wazazi hauwezekani, na hakuna anayeweza kubadili neno moja kwenye A bila hashi yake kubadilika na kuwatupa watoto wake wote. Programu ya Git ambayo bila shaka unaitumia kutunza kodi (maandishi) ya programu yako, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, imejengwa hivyo. Matrix, mfumo wa mawasiliano ulioanza 2014 ambapo seva nyingi zinashirikiana chumba (grupu) kimoja bila bosi, nao unatunza historia ya chumba kama grafu ya namna hii, yaani mchoro wa meseji zilizofungwa kwa wazazi wake, na kila tukio linaruhusiwa kutaja wazazi hadi 20. Huko walijifunza kwa uchungu kutoamini namba anayojiandikia mtumaji: mwaka 2018 wakorofi waliingiza matukio yaliyodai kuwa na kina (namba ya hatua kutoka mwanzo wa historia) cha 2 kwa kipeo cha 63 kasoro moja, vyumba vikawa havitumiki mpaka programu ya seva ikarekebishwa. Kina, kama utakihitaji, kikokotoe mwenyewe kutoka kwa wazazi.

Kuunganisha historia sasa kunakuwa jambo jepesi kuliko ulivyofikiri. Kwenye Git watu wawili wakigusa mstari mmoja wa faili lazima mtu aamue. Kwenye grupu hakuna aliyegusa mstari wa mwenzake. Kila mtu ameongeza meseji yake. Kwa hiyo kuunganisha nakala mbili ni kuchukua zote zilizomo humu na zote zilizomo mule, zinazorudiwa zikahesabiwa mara moja kwa kuwa hashi ni ileile. Haijalishi zilifika kwa mfuatano gani, haijalishi simu ya dereva ilileta kitu ambacho mtandao ulishakileta, haijalishi Uyole iliunganisha na Tunduma kwanza au na Matamba. Mwishoni wote wana fungu moja. Mtafiti Marc Shapiro na wenzake walitoa msingi wa kinadharia mwaka 2011 kwa jamii nzima ya data zinazoungana zenyewe bila mwamuzi, na fungu linalokua tu bila kupungua ndilo rahisi kuliko yote katika jamii hiyo.

Lakini kujua nini kimekosekana kunahitaji akili kidogo, hasa pale simu ya dereva ina dakika mbili za waifai getini. Kwa kuwa mko vituo vichache, fanya kama wanavyofanya Secure Scuttlebutt, mfumo mwingine wa meseji usio na seva kuu: kila mwandishi ana daftari lake, meseji zake zina namba 1, 2, 3 bila kuruka, na kila moja inataja hashi ya iliyotangulia ya mwandishi huyohuyo. Simu zikikutana zinasema tu: "Nina Matamba hadi 58, Uyole hadi 112, Tunduma hadi 77." Nyingine inajibu: "Mimi Matamba nina hadi 63," na inamwaga 59 hadi 63. Mazungumzo ya kujuana yamekwisha kwa namba tatu. Hii inaishi pamoja na wazazi bila kugombana: namba na hashi ya daftari kwa ajili ya kuhamisha, wazazi kwa ajili ya kujua nani aliona nini.

Kuna shimo moja kwenye njia hiyo, na ni la kina. Simu ya Matamba inaanguka kwenye matope, mnanunua nyingine, mnarudisha bekapu ya wiki iliyopita. Bekapu inasema daftari limeishia 51. Karani anaandika 52 mpya, wakati 52 ya zamani iko Uyole tayari na saini halali. Sasa kuna daftari moja lenye kurasa mbili zenye namba moja, na kila kituo kitaamini ile iliyoifikia kwanza na kuikataa nyingine. Programu nyingi za aina hii daftari likishapasuka hivyo haliponi. Weka sheria mapema: simu ikirudishwa kutoka bekapu ipewe ufunguo mpya na daftari jipya, la zamani lifungwe kwa ujumbe wa admini. Usimwachie karani achague, hatachagua.

Meseji ikifika bila mzazi wake, je? Programu ya Briar, inayoweza kupitisha ujumbe kati ya simu na simu kwa bluetuthi bila intaneti, huushikilia ujumbe hadi vyote unavyovitegemea viwe vimefika. Kwa usahihi ni sawa. Kwa ushirika wa viazi nadhani ni ukali kupita kiasi: mzazi anaweza kuwa kwenye Fuso iliyolala Chimala. Mimi ningeshikilia kwa sekunde chache huku programu ikimwomba mzazi kwa jirani, kisha ningeionyesha ikiwa na alama kwamba kuna kilichokosekana kabla yake. Usiendelee kurudi nyuma bila kikomo pia. Anayejiunga leo hahitaji historia ya mwaka mzima kabla ya kusoma bei ya leo.

Sasa kioo, maana hapa ndipo watu wenu wanagombana, na grafu haiwezi kuonyeshwa kwa karani. Lazima uinyooshe iwe mstari mmoja. Masharti ni mawili. Mzazi aje kabla ya mtoto, hilo halina mjadala. Na palipo na matawi sambamba, wote wanyooshe kwa kanuni ileile ili Uyole na Tunduma waone mstari mmoja. Hapo unaweza kuchagua tawi lipi litangulie kwa saa ya meseji yake ya mwisho, na zikifungana kwa hashi. Saa hapo haina madhara makubwa kwa sababu inaamua mambo ambayo hayakuwa na ukweli wowote wa kuharibu. Ila kuna kosa nimeliona kwenye programu nyingi: zinachanganya matawi meseji kwa meseji. Matamba ikiandika meseji kumi peke yake kutwa nzima, na wengine thelathini, kuzifuma moja baada ya moja kunatoa mazungumzo ambayo hayakuwahi kufanyika mahali popote. Toa tawi moja zima, kisha jingine zima, halafu pale yanapokutana uendelee. Kwa mfano wetu msomaji aone A, kisha C chini yake ikiwa imenukuu maneno "elfu sabini", kisha B na D, kisha E. Kunukuu huko kusiwe hiari ya mwandishi: hata mzazi wa C akiwa ndiye meseji iliyo juu yake moja kwa moja kwenye kioo, programu yenyewe iweke kipande cha A. Kipande hicho kidogo ndicho kitakachoondoa ugomvi wa bei kuliko hesabu zote nilizokueleza.

Lipo swali la meseji iliyochelewa. Karani wa Uyole ameshasoma A, B na D, saa tisa alasiri C inaingia na mahali pake halali ni katikati, juu ya alichokwisha kusoma. Ukiisukuma huko kimyakimya hataiona kamwe. Ukiiweka chini kabisa bila maelezo tunarudi kwenye themanini. Kwenye Matrix seva humpelekea mtu meseji mpya kwa mfuatano zilivyoifikia seva hiyo, na anaporudi nyuma kusoma ya zamani ndipo mpangilio wa grafu unatumika. Kwa hiyo watu wawili wa seva tofauti wanaweza kuwa na mifuatano tofauti machoni na bado mfumo uko sawa. Ninapenda njia hiyo kwa nyongeza moja: chini ya kioo litokee bango fupi, "Meseji 1 ya Matamba ya saa 2:40 asubuhi imeingia sasa", ukiligusa linakupeleka mahali pake. Kilichokwisha kusomwa kisihame bila msomaji kuambiwa.

Sasa yule mliyemtoa. Hapa ndipo pagumu kuliko pote, na usije ukadhani ni kasoro ya kodi yako. Meseji za kawaida hazigombani, zinaongezeka tu. Uanachama unagombana: admini anamtoa mtu saa nne, mtu huyo yuko nje ya mtandao, anaandika saa tano akitaja wazazi wa saa tatu. Kwa mujibu wa grafu hakuwa ameona anatolewa. Inawezekana kweli hakuwa ameona. Inawezekana pia ameona vizuri na anajifanya, kwa sababu hashi inathibitisha ulichokiona lakini haithibitishi ambacho hukukiona. Huwezi kuwatofautisha wawili hao kwa hesabu yoyote. Na ukiwa na admini wawili waliokasirikiana, kila mmoja anamtoa mwenzake kwa wakati mmoja kwenye matawi mawili, nani amebaki?

Matrix wana kanuni nzito ya kusuluhisha hali ya chumba (nani ni mwanachama, nani ana mamlaka), waliyoiandika upya mwaka 2018 baada ya ile ya kwanza kuwa na tabia ya kurudisha mipangilio ya zamani bila kutarajiwa. Kwa ufupi, wanatazama kwanza mabadiliko ya mamlaka na kufukuzwa, wanayapanga kwa kufuata nani alitegemea ruhusa ya nani, mwenye cheo kikubwa akitangulizwa, kisha saa, kisha hashi. Na tukio linaloonekana halali kwa wazazi wake lakini si halali kwa hali ya sasa, seva hulipokea kwenye grafu ila haiwaonyeshi watu wala hailitumii kama mzazi. Sipendekezi uandike hayo yote kwa grupu la ushirika. Kwenu fanya hivi: ujumbe wa kumtoa mtu utaje namba ya mwisho ya daftari lake inayokubalika. "Ametolewa, hadi 41 tunazitambua." Ya 42 na kuendelea zinakataliwa na kila kituo, ziwe zimeandikwa lini au zimetaja wazazi gani. Utapoteza meseji chache za kweli alizoandika kabla hajajua, na hizo mtu anaweza kumuuliza kwa simu. Admini abaki mmoja kwa kila kipindi. Wawili sawasawa kwenye mfumo usio na seva ni ugomvi uliopangiwa tarehe.

Kufuta meseji nayo iwe meseji inayosema "ondoa maudhui ya fulani", mkabaki na hashi na saini yake ili watoto wasikose mzazi. Simu iliyozimwa itaendelea kuwa na maneno yale mpaka iwashwe, waambie watu wenu hivyo. Kuhusu kufunga meseji kwa siri, nitasema moja tu: itifaki (kanuni za mawasiliano) mpya ya siri za makundi, MLS, iliyotoka rasmi Julai 2023, inataka mabadiliko ya funguo yafuatane kwenye mstari mmoja, na ninyi mmechagua kutokuwa na mstari. Kwa sasa tumieni ufunguo wa grupu mnaoubadilisha ana kwa ana makarani wanapokutana.

Mwisho ni jambo ambalo hukuuliza, na linanitia wasiwasi kuliko mpangilio. Nasoma kwamba kwenye grupu hilo mnauza. Matamba inasema gunia arobaini ziko tayari; Uyole anamwahidi mnunuzi wake zote; Tunduma, bila kuona ahadi hiyo, anamwahidi wake zote. Kuunganisha kwangu kote kutatunza ahadi zote mbili kwa uaminifu mkubwa, zikiwa na saini, na gunia zitabaki arobaini. Hakuna mpangilio wa meseji unaozuia hilo. Njia ya vitabuni ni makubaliano ya wengi, kama kanuni ya Raft ya mwaka 2014: kati ya vituo vitatu viwili lazima vikubaliane kabla jambo halijahesabiwa. Maana yake Matamba ikiwa peke yake haiwezi kuuza kitu, wakati mzigo uko kwao, na hilo hawatalikubali wala sitawalaumu. Basi kata mambo kwa njia nyingine: mwenye mzigo ndiye mwenye neno. Uyole na Tunduma waandike maombi tu, na mauzo yahesabike pale karani wa Matamba anapoandika kwenye daftari lake mwenyewe "gunia arobaini, ombi la Tunduma". Daftari la mtu mmoja lina mstari mmoja siku zote, hata mnara ukiwa umezima, na ombi la pili litaandikiwa "hazipo". Mnunuzi wa Uyole atasubiri Fuso. Asipotaka kusubiri, karani apande pale penye mtandao apige simu.

Kabla hujawapa makarani toleo jipya, chukua simu tatu mezani, zizime mtandao, kila moja uiandikie meseji kumi huku moja ukiisogeza saa mbele kwa mkono. Ziunganishe mbili mbili kwa kila mfuatano unaowezekana, ukirudia baadhi makusudi, na kila mara futa na uanze upya kutoka nakala zilezile. Kisha kwenye kila simu toa mstari ulionyooshwa na uupigie hashi moja. Zikitofautiana hata mara moja, niandikie tena ukiambatisha grafu ya meseji zilizopishana, tuitazame pamoja.